Kuhama fegi kwenda vepu bila kumaliza mfuko

Unafuu wa vepu, yaani sigara ya kielektroniki, uko kwenye mililita za juisi unazotumia, si kwenye bei ya kifaa. Mwisho wa 2024, ushuru wa nikotini ya majimaji, ndiyo juisi yenyewe, nchini Kenya ulipanda kutoka shilingi 70 hadi 100 kwa mililita. Sigara moja yenye kichungi hutozwa shilingi 4.10. Kwa hiyo mililita moja ya juisi hubeba ushuru wa sigara 24, na chupa ya mililita 30 hubeba shilingi 3,000 kabla mwenye duka hajaweka faida yake. Ukiuziwa chupa hiyo kwa mia nane mjini, haijalipiwa ushuru, na lebo yake pia usiiamini sana.

Basi achana na mashine za kutoa wingu. Hizo humaliza hata mililita 10 kwa siku. Tafuta podi (vepu ndogo yenye kitangi cha juisi) ya kujaza, wati 10 hadi 15, yenye koili (kiwaya chenye pamba kinachochemsha juisi) ya omu 0.8 hadi 1.2, kipimo cha ukinzani wa umeme. Hiyo hula mililita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Za kutupa ni hasara tupu: kila mara unalipia betri mpya.

Nguvu ya juisi ndiyo huwaangusha wengi. Mtu wa paketi nzima kwa siku aanze na chumvi ya nikotini (juisi isiyokwaruza sana koo) ya miligramu 20 kwa mililita. Wa sigara tano sita, 10. Ukichukua 3 kwa woga, utavuta kutwa nzima, juisi iishe, na jioni uonekane kibandani ukiitisha fegi. Chupa iliyoandikwa 5% ni miligramu 50, iache. Kichefuchefu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio ni dalili kwamba umezidisha.

Piga hesabu kabla ya kununua. Sigara 15 kwa siku, kila moja shilingi 20, ni 9,000 kwa mwezi. Juisi mililita 45, tuseme 150 kwa mililita, ni 6,750, ongeza koili mbili. Anayevuta sigara tano huenda asiokoe kitu, na anayechanganya vyote viwili analipa mara mbili.

Kujaza: inamisha podi, pitisha juisi kwenye tundu la pembeni, kamwe si bomba la katikati. Koili mpya ingoje dakika 10 ili pamba ilowe. Vuta taratibu sekunde tatu, kwanza mdomoni kisha kifuani kama sigara, halafu pumzika nusu dakika. Ladha ya kuungua ni pamba kavu: hukungoja, unavuta mfululizo, au juisi imeshuka chini ya tundu la koili. Pamba ikishaungua hairudi, badilisha. Juisi tamu sana huganda kwenye koili na kuiua ndani ya siku chache. Ya kawaida huipa wiki moja au mbili.

Podi ikikoroma, kuna umajimaji kwenye bomba. Pangusa kwa tishu. Ukipanda basi kutoka Mombasa kuja Nairobi, hewa iliyo ndani ya podi hupanuka kadiri mnavyopanda na kusukuma juisi nje. Ijaze pomoni, isimamishe wima. Jua la dashibodi ya gari nalo huifanya juisi iwe nyepesi ikavuja.

Chaji kwa volti 5, ampea 1. Chaja ya haraka ya simu inaweza kuchemsha betri ndogo, na usiache podi ikichaji kitandani usiku.

Madhara makubwa ya sigara hutoka kwenye moshi wa kuungua, lami na kaboni monoksaidi, ambavyo vepu haina. Nikotini inabaki, na uraibu wake pia, kwa hiyo asiyevuta, mjamzito na aliye chini ya miaka 18 hawahusiki hapa. Ukishazoea, shuka kutoka 20 hadi 10 baada ya miezi michache. Gamu ya nikotini ya duka la dawa husaidia ukikwama. Chupa ifungie juu mtoto asifikie, na juisi ikikumwagikia mkononi, nawa kwa sabuni mara moja.