Mtoto ana mafua na kikohozi: namna ya kumuuguza nyumbani na kuhesabu pumzi zake

Kiangazi kikianza hapa Mwanza, vumbi linatanda, upepo wa ziwa unapiga alfajiri, na nusu ya watoto wa mtaa wanatembea na kamasi. Juzi usiku jirani alinigongea, mtoto wa mwaka na nusu mgongoni, mkononi mfuko wenye chupa tatu za dawa ya kikohozi. "Dada nesi, niende hospitali sasa hivi au nisubiri kukuche?" Jibu la swali hilo halikuwa kwenye ule mfuko. Naandika utaratibu ninaoufuata, maana nikieleza kwa mdomo watu hushika nusu tu.

Utaratibu huu ni wa mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5. Mchanga wa chini ya miezi 2 akipata homa, akipumua haraka au akigoma kunyonya, hauguzwi nyumbani. Mwenye selimundu naye, na Kanda ya Ziwa tunao wengi, akipata homa tu apelekwe.

Hatua ya 1: Pima malaria

Kwa kugusa paji la uso huwezi kutofautisha homa ya mafua na ya malaria, na huku kwetu malaria haijatuaga. Kipimo cha damu ya kidole hakichukui hata nusu saa. Usimpe dawa ya malaria (mseto) iliyobaki ya kaka yake. Kipimo kikionyesha malaria, hatua ya 4 bado inakuhusu: mtoto anaweza kuwa na malaria na kichomi kwa pamoja.

Hatua ya 2: Fungua pua

Chemsha maji, yapoe, kisha koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha robo lita. Dondosha matone mawili matatu kila pua, subiri kidogo, futa kwa kitambaa laini ulichosokota ncha. Fanya hivyo kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Maji hayo tengeneza mapya kila siku. Kamasi kugeuka kijani ni mwendo wa kawaida wa mafua, hakumaanishi anahitaji antibayotiki.

Hatua ya 3: Shusha homa

Parasetamoli, basi. Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku. Mwenye kilo 10 anapata mililita 5 za dawa ya maji iliyoandikwa 120 mg/5 ml. Soma kibandiko, kwa sababu chupa hazilingani nguvu. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani sivipendi hata kidogo, kila nyumba ina cha saizi yake. Aspirini usimpe mtoto.

Hatua ya 4: Hesabu pumzi

Hapa ndipo penye kazi. Kwa huyo mtoto wa jirani tulikesha hadi tukapata namba ya kuaminika, si kwa sababu kuhesabu ni kugumu, ila mtoto mwenye mafua hatulii.

Akilia, pumzi zinaongezeka. Akinyonya, zinavurugika. Homa ikiwa kali zinaongezeka pia, ndiyo maana nataka uanze na hatua ya 2 na ya 3, usubiri kama nusu saa, ndipo uhesabu. Lakini ukiona anahangaika kupata hewa, acha kuhesabu, ondokeni. Muda mzuri ni akiwa amesinzia mapajani mwa mama. Usimlaze kitandani kwanza, ataamka na mtaanza upya.

Pandisha fulana hadi uone kifua chote na tumbo. Mablanketi matatu aliyofunikwa na bibi yatoke. Kama umeme umekatika, washa tochi ya simu na uielekeze kutoka ubavuni, usimmulike usoni: mwanga wa pembeni unatupa kivuli chini ya mbavu, na kifua kikipanda unakiona wazi. Chagua sehemu moja, mimi napenda pale tumbo linapokutana na mbavu, na usiiondolee macho.

Tega simu ilie baada ya dakika moja, au mtu mwingine ashike saa. Ukiwa unaangalia saa na kifua kwa zamu, utaruka pumzi. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Wengi wanaonipigia simu wakisema "nimehesabu tisini" wamehesabu kupanda moja, kushuka mbili. Na hesabu dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne hakufai kwa mtoto, kwa sababu hupumua haraka kidogo, akatulia, akaanza tena. Namba ikiwa imekaribia mpaka, rudia.

Mipaka ni hii: mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni haraka. Wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Akifika hapo, huenda ni kichomi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huko ndiko atakakoandikiwa amoksilini kwa uzito wake, ikihitajika.

Kabla hujashusha fulana, angalia kitu kimoja zaidi. Akivuta hewa ndani, sehemu ya chini ya kifua inatakiwa kutanuka. Ikibonyea ndani kila anapovuta, na ametulia, usisubiri kukuche. Vivyo hivyo akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, midomo ikiwa ya bluu, au koo likitoa sauti ya kukwaruza akivuta hewa bila kulia. Walioko Ukerewe na visiwa vingine waamue mapema zaidi yetu wa mjini, mtumbwi wa usiku na upepo wa ziwa mnaujua wenyewe.

Yule wa jirani alikuwa na 34, kifua hakibonyei. Akabaki nyumbani, na nikamwambia ahesabu tena asubuhi na jioni.

Hatua ya 5: Kikohozi chenyewe

Aliyetimiza mwaka mpe nusu kijiko cha chai cha asali kabla ya kulala. Chini ya mwaka asali ni marufuku, ina hatari ya sumu inayolegeza misuli. Zile chupa tatu za jirani nilimwambia aziweke kando. Zina usingizi zaidi ya tiba, na baadhi zina parasetamoli ndani, ukijumlisha na ya hatua ya 3 umemzidishia.

Nyungu tulijifukiza sana kipindi cha korona, lakini sufuria ya maji ya moto karibu na mtoto siitaki. Jiko la mkaa lisilale chumbani, na kama unabanika samaki, mtoto asiwe mgongoni kwako.

Na kimeo. Kikohozi kikikawia, shangazi mmoja lazima aseme mtoto akatwe kimeo. Kimeo hakileti kikohozi. Kukikata kwa wembe huleta kutoka damu na maambukizi. Mheshimu shangazi, mkaribishe chai, mtoto usimtoe.

Kikohozi cha mafua kinaweza kuburuta hadi wiki tatu huku mtoto anacheza na kula. Lakini kikifika wiki mbili, hasa kama kuna mtu mzima nyumbani anakohoa au mtoto anapungua uzito, wapelekeni wote wakapimwe kifua kikuu. Vituo vya serikali hawatozi.

Hatua ya 6: Chakula

Titi mara nyingi zaidi, uji mwepesi, supu ya sato, kidogo kidogo.

Hatua ya 7: Ukiamua kwenda

Beba kadi ya kliniki, namba za pumzi na saa ulizohesabu, na saa aliyopewa parasetamoli ya mwisho. Beba pia chupa za dawa zote alizotumia, hata zilizokwisha. Ukituambia "ile nyekundu tamu" hatuwezi kujua ni ipi.