Mambo ya kuzingatia kabla ya kupanga marejeo ya makala ya jarida

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye jokofu ungali moto, akashangaa kuona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia Chuo Kikuu Dar es Salaam, walichapisha makala kuhusu jambo hilo katika jarida la Physics Education. Vijana ninaowasaidia kuandaa miswada huwa nawapa makala hiyo kama zoezi la kwanza la marejeo, kwa sababu ni fupi, ni yetu, na kichwa chake ni neno moja lenye alama ya kuuliza.

Kwa mtindo wa Vancouver, unaotumiwa sana na majarida ya tiba, inaandikwa hivi: Mpemba EB, Osborne DG. Cool? Phys Educ. 1969;4(3):172–5. Kwa mtindo wa APA, wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, inakuwa: Mpemba, E. B., & Osborne, D. G. (1969). Cool? Physics Education, 4(3), 172–175, kisha kinafuata kiungo cha DOI, yaani namba ya kudumu inayotambulisha makala mtandaoni. Taarifa ni zilezile: majina mawili, mwaka, juzuu ya 4, namba ya 3, kurasa nne. Kilichohama ni nukta, mikato, vifupisho na mahali pa mwaka, na kazi hiyo programu za kutunza marejeo kama Zotero au Mendeley huimaliza kwa sekunde chache. Ila ukiwa umehifadhi mwaka usio sahihi, au umesahau juzuu, kosa hilo litakufuata katika kila mtindo utakaochagua. Ndiyo maana nasisitiza rekodi isafishwe kwanza, mtindo uje baadaye.

Usafi huo unaanza siku unapopakua makala. Fungua ukurasa wake wa kwanza, ulinganishe na kile ambacho programu imejaza yenyewe. Mara nyingi kichwa huingia chote kwa herufi kubwa. Ukiamuru kompyuta iziteremshe, Tanzania inageuka “tanzania” na Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, inapoteza P yake kubwa. Kifupi cha jina la jarida nacho usikitunge kichwani. Kitafute katika katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo iko wazi kwa kila mtu.

Kwenye majina naomba twende polepole, maana hapa ndipo watafiti wa kwetu tunapopotezwa. Kanzidata nyingi zimejengwa zikidhani kila mtu ana jina lake mbele na la ukoo nyuma. Kwetu wengi tuna jina letu, la baba na la babu, na mtu huyohuyo leo anachapisha akiwa na mawili, kesho matatu. Wanyarwanda na Warundi wengi hutanguliza jina ambalo mashine inataka liwe la mwisho. Waethiopia huongeza jina la baba, lisilo la ukoo. Waziri mkuu wao anaitwa Dk. Abiy, na ukimwita Dk. Ahmed umemtaja baba yake. Katika majina ya Zanzibar na Oman, “bin” huishia kuwa herufi B, kana kwamba ni jina la katikati. Muswada wangu mmoja uliwahi kurudishwa na mhakiki akiuliza kwa nini nimenukuu watafiti wawili waliofanya utafiti uleule mwaka uleule, kumbe ni mama mmoja niliyemwingiza kwa majina mawili. Iliniuma, maana kazi yake ndiyo iliyokuwa msingi wa hoja yangu. Tangu hapo, nikiwa na shaka, naangalia mwandishi mwenyewe anavyojiandika kwenye makala zake na kwenye ukurasa wake wa ORCID, mfumo unaompa kila mtafiti namba yake ya utambulisho, kisha nashika umbo moja hadi mwisho wa muswada.

Hakikisha pia kwamba chanzo kipo na bado kinasimama. Programu za akili bandia hutunga marejeo yenye majina ya kuaminika na namba za DOI zisizofika popote, kwa hiyo bofya kila DOI uone inakupeleka kwenye makala uliyoikusudia. Kuna na makala za kweli zilizofutwa na majarida yenyewe. Ile ya Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo na usonji ilitoka The Lancet mwaka 1998 na ikafutwa mwaka 2010. Ilichukua miaka 12 hadi ifutwe kikamilifu. Zotero sasa huonya ikikuta makala iliyofutwa kwenye maktaba yako. Na kama hukuisoma makala ya asili, umekutana nayo ndani ya kitabu cha mwingine, itafute uisome, au useme wazi kwamba umeinukuu kupitia kwake.

Ripoti za serikali zinahitaji jicho la pekee kwa sababu nyingi hazina DOI. Mwandishi wake ni taasisi, na jina liandikwe lilivyo kwenye jalada. Wizara ya Afya ya Tanzania imebadilishwa jina na muundo zaidi ya mara moja, mara ya karibuni ikiwa mwaka 2022, hivyo ripoti ya 2018 ibaki na jina refu la wakati ule. Weka tarehe uliyoifungua na uhifadhi nakala yake, maana viungo vya tovuti hizi hukatika.

Baada ya hapo fungua mwongozo wa waandishi wa jarida. Jina la mtindo halitoshi. APA ya toleo la 7, la mwaka 2019, inaorodhesha hadi waandishi 20. Mifano ya Vancouver huishia kwa sita kisha “na wenzake” (et al.), lakini kuna majarida yanayosema Vancouver na kutaka watatu. Tafuta makala mbili zilizotoka hapo mwaka huu, uige orodha zake. Angalia kikomo cha idadi ya marejeo, na kama namba zinakaa kwenye mabano au juu ya mstari. Kumbuka kwamba kwa Vancouver, rejeo lililo ndani ya jedwali tu hupewa namba kufuatana na mahali jedwali hilo linapotajwa mara ya kwanza kwenye matini.

Kubalianeni mapema na waandishi wenzako nani anashika faili. Muswada ukizunguka WhatsApp na mmoja akauhariri kwenye simu, viunganishi vya programu, yaani alama fiche zinazofunga kila rejeo na rekodi yake, vinaweza kukatika kimyakimya, na namba hazitajipanga tena.

Siku ya kutuma, chapisha orodha kwenye karatasi. Mmoja asome matini kwa sauti na kutaja kila rejeo, mwingine aweke alama ya vema kwenye orodha. Kisichopata alama kinatoka, kilichotajwa bila kuwepo kinaongezwa. Kisha hifadhi nakala mbili, moja yenye viunganishi kwa ajili ya masahihisho ya wahakiki, na nyingine ya maandishi matupu, ambayo ndiyo unayoipandisha kwenye mfumo wa jarida kama mwongozo wao haukudai vinginevyo.