Jinsi ya kutafuta na kuondoa harufu ya kuungua kwenye injini ya gari

Juzi nimemsaidia jirani mwenye Toyota IST. Alikuwa ameshabadilishiwa belti na pedi za breki, harufu ikabaki palepale. Tatizo lilikuwa oili inayovuja kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) na kudondokea ekzosi (bomba la moshi). Kwa gari la petroli lililotembea sana, hapo ndipo ninapoanza kuangalia. Mifano yangu ni ya injini ya 1NZ-FE, inayopatikana kwenye IST, Probox na Vitz za cc 1500, ila utaratibu huu unafaa kwa magari mengi.

1. Egesha, zima injini. Ukiona moshi mwingi au moto, usifunue boneti, maana hewa ikiingia moto unazidi kuwaka. Shusha watu wote, simameni mbali. Mshale wa joto ukiwa juu, usiguse kifuniko cha rejeta mpaka injini ipoe.

2. Nusa vizuri. Harufu nzito inayochoma puani, inayozidi ukisimama kwenye mataa au foleni, ni oili juu ya ekzosi. Gari likitembea upepo unaipeperusha. Likisimama, feni ya ndani inaivuta hadi kwako. Harufu tamu ni kulanti (maji ya rejeta): angalia rejeta, hozi na pampu ya maji. Harufu ya mpira ni belti, au mfuko wa nailoni ulionasa kwenye ekzosi. Harufu ya plastiki ni waya: chomoa terminali hasi ya betri, na usiwashe tena mpaka chanzo kijulikane. Fyuzi iliyokatika usiiunge kwa waya kamwe, nyumba na magari yameteketea kwa sababu hiyo.

Harufu ikitoka upande wa tairi ni breki. Ukishuka mlima mkali kama Kitonga kwa breki tupu utaisikia, na dawa yake ni kushuka kwa gia ndogo. Ukiisikia kwenye barabara tambarare, gusa rimu kwa tahadhari: yenye joto kuliko wenzake ndiyo yenye kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) iliyong'ang'ania.

Kama gari limetoka sevisi leo, huenda ni oili iliyomwagika fundi alipobadilisha filta. Hiyo itaungua na kuisha yenyewe.

3. Safisha kwanza, halafu tafuta. Injini iliyojaa tope la oili haikuonyeshi chochote. Ikiwa imepoa, tumia dawa ya kusafishia injini, brashi na matambara. Mimi sikubali petroli, wala mashine ya maji ya presha: maji yanaingia kwenye alternata na soketi za koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi), unapata ugonjwa mwingine. Endesha siku mbili hivi, kisha mulika kwa tochi. Oili hushuka na kupeperushwa nyuma, kwa hiyo sehemu ya juu kabisa yenye unyevu ndiyo chanzo. Pale kichwa kisipofika, ingiza simu uchukue video.

4. Gasketi ya tapeti kava. Hapa usiharakishe.

Nenda dukani na namba ya chesisi. Gasketi ya bei ya kutupa hukakamaa haraka, utarudia kazi ileile. Ongeza hela ununue nzuri.

Futa vumbi juu ya kava kabla ya kulegeza chochote, maana mchanga ukiangukia kwenye kemshafti (mhimili unaofungua valvu) umejiletea hasara. Toa koili kwa spana namba 10. Ukikuta oili kwenye mashimo ya plagi, ndiyo maana gari linamisi (injini inakatakata). Legeza bolti kuanzia za pembeni kuja katikati, kidogo kidogo. Kava likigoma, ligonge taratibu kwa nyundo ya mpira; usichokonoe kwa bisibisi, aluminiamu ikikwaruzika itavuja daima.

Sasa kazi yenyewe: kubandua silikoni ya zamani. Mafundi wengi huipaka kuzunguka kava lote, nami napinga jambo hilo kwa nguvu zote. Vipande vyake hudondoka ndani, hufika kwenye chujio la pampu ya oili na kuinyima injini oili. Vibandue kwa kipande cha plastiki kigumu, usitumie brashi ya waya, na ziba matundu kwa kitambaa safi unapofanya hivyo. Zitakwenda saa kadhaa. Vumilia.

Gasketi mpya huwekwa kavu kwenye mfereji wake. Silikoni ni sehemu mbili tu, pale kava la cheni linapokutana na silinda hedi, kiasi cha punje ya dengu. Pakaushe oili yote hapo kabla ya kupaka, na ufunge kava mara moja kabla silikoni haijaanza kukauka. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili, hadi kama Nm 10 (kipimo cha spana ya toki). Nguvu hiyo ni ndogo sana. Ukikaza kwa mkono mzito unaua nyuzi za bolti. Usiwashe gari mpaka silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu.

Usiache valvu ya PCV (inayotoa mvuke na presha ndani ya injini). Itoe, itikise: nzima inalia ndani. Ikiwa imeziba, presha hubaki kwenye injini na kusukuma oili nje hata gasketi ikiwa mpya.

5. Belti. Yenye nyufa au iliyong'aa pembeni, badilisha. Ukishaitoa, zungusha kila puli kwa mkono, isipokuwa ya kreki (mhimili mkuu wa injini). Inayokwama ndiyo iliyoiunguza.

6. Jaribu. Pima oili, ongeza iliyopungua. Ekzosi itaendelea kunuka kwa safari chache mpaka mabaki yaungue. Harufu ikipungua kila siku, sawa. Isipopungua, rudi na tochi uangalie swichi ya presha ya oili na sili ya kreki.