Kurithi klasi katika Python: anza na "ni" na "ana"

Kabla hujaandika mstari wowote wa msimbo, sema sentensi kwa sauti: "Akaunti ya akiba ni akaunti." Imekaa sawa, basi klasi (kiolezo cha kutengenezea vitu vya aina moja) ya akaunti ya akiba inaweza kurithi ya akaunti, yaani kupata mbinu zake bila kuziandika upya. Sasa jaribu "mteja ni akaunti". Hapana, mteja *ana* akaunti. Hapo hakuna kurithi. Akaunti inawekwa ndani ya mteja kama sifa yake. Ukiruka jaribio hili utapata mteja mwenye mbinu (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi) ya `toa()`, ya kutoa pesa, na kuitenganisha baadaye ni kazi ya siku nzima.

Fungua faili `akaunti.py`, uandike klasi mama:

```python
class Akaunti:
    def __init__(self, mwenye, salio=0):
        self.mwenye = mwenye
        self.salio = salio
        self.miamala = []

    def kinachotoleka(self):
        return self.salio

    def weka(self, kiasi):
        self.salio += kiasi
        self.miamala.append(kiasi)

    def toa(self, kiasi):
        if kiasi > self.kinachotoleka():
            raise ValueError("Salio halitoshi")
        self.salio -= kiasi
        self.miamala.append(-kiasi)
```

`self` ni kile kitu kinachoitiwa mbinu. Python hukipeleka yenyewe kikiwa cha kwanza, ndiyo maana ukiandika `def weka(kiasi)` kisha ukaiita kwa kiasi kimoja utaambiwa umeleta vitu viwili penye nafasi ya kimoja.

Orodha ya `miamala` iache ndani ya `__init__`, mbinu inayoendeshwa kitu kipya kinapotengenezwa. Ukiipandisha iwe moja kwa moja chini ya `class`, inakuwa orodha moja ya akaunti zote: Asha akiweka 5,000, muamala unaonekana kwa Juma pia. Kosa hili ni baya kwa sababu programu haisemi lolote. Inaendelea kukimbia na hesabu mbovu.

Sasa klasi mtoto. Akaunti ya akiba lazima ibakize 10,000:

```python
class AkauntiYaAkiba(Akaunti):
    def __init__(self, mwenye, salio=0, kima=10000):
        super().__init__(mwenye, salio)
        self.kima = kima

    def kinachotoleka(self):
        return self.salio - self.kima

a = AkauntiYaAkiba("Asha", 50000)
a.weka(5000)
a.toa(45000)
print(a.salio)
a.toa(1)
```

Endesha kwa `python3 akaunti.py`. Itachapa 10000, kisha mstari wa mwisho ugome kwa `ValueError`. `weka()` na `toa()` hazikuandikwa tena; zimetoka kwa mama.

Mstari wa `super()` ndio unaoiita `__init__` ya mama. Ufute kwa makusudi uone kinachotokea. Akaunti inatengenezwa bila shida yoyote, halafu kosa linalipuka kwenye `weka()`: `'AkauntiYaAkiba' object has no attribute 'salio'`. Wengi huanza kuikagua `weka()`, kumbe haina hatia. Mtoto akiwa na `__init__` yake, ya mama haiitwi mpaka uiite mwenyewe. Ukiona sifa ya mama "haipo", anzia hapo.

Huenda unajiuliza kwa nini mtoto hakuandika upya `toa()`, ambayo ndiyo njia inayomjia mtu haraka. Tuseme mahali pengine kwenye programu pameandikwa "kama `salio` linafikia 45,000, toa 45,000". Kwa mama inapita daima. Kwa mtoto mwenye 50,000 inavunjika, kwa kuwa zingebaki 5,000. Mtoto atakuwa amevunja ahadi ya mama. Mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov alilieleza jambo hili mwaka 1987: palipo na kitu cha klasi mama, cha klasi mtoto kiweze kukaa bila programu kuharibika. Kwa hiyo tuliibadilisha ahadi yenyewe. Mama haahidi tena kutoa salio lote, anaahidi kutoa `kinachotoleka()`, na ahadi hiyo mtoto anaitimiza. Msimbo wote wa nje nao uulize `kinachotoleka()`, usichungulie `salio`.

Kila ukiongeza mtoto mpya, chukua majaribio yote uliyomwandikia mama uyapitishe kwa mtoto bila kuyagusa. Likianguka hata moja, ama mtoto amekosea, ama ile sentensi ya "ni" haikuwa kweli.