Somo: Kuuguza msuli wa nyuma ya paja kwa mkimbiaji kijana

Kila mwaka michezo ya UMISSETA inapokaribia, napokea swali lilelile kutoka kwa wanafunzi wa mbio fupi: "Mwalimu, paja limenishika, nitapona baada ya siku ngapi?" Nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandikia somo zima, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa. Ninazungumzia misuli mitatu inayoanzia kwenye mfupa wa kukalia, ikapita nyuma ya paja na kujishikiza chini kidogo ya goti. Unapokimbia kwa kasi, kazi yake nzito zaidi ni kuuzuia mguu uliotupwa mbele, muda mfupi kabla ya kukanyaga, na hapo ndipo huchanika mara nyingi.

Hatua ya 1. Simama papo hapo, usimalizie mzunguko.

Hatua ya 2. Kwa siku 2 au 3 za mwanzo pumzisha mguu, ufunge bandeji ya kuvutika, na uweke barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Usikubali kukandwa kwa maji ya moto wala kuchuliwa kwa nguvu katika siku hizo, hata kama anayekusihi ni bibi yako mwenyewe, kwa kuwa joto na kuchua huweza kuongeza damu inayovuja ndani ya msuli.

Hatua ya 3. Hakikisha kwamba kilichoumia ni msuli, si mfupa. Kwa kijana ambaye bado anakua, sehemu ambayo misuli hii hujishikiza kwenye mfupa wa kukalia haijaungana kikamilifu, na mvuto mkali unaweza kung'oa kipande cha mfupa. Ukisikia mlio wa ghafla, maumivu yakawa juu kabisa chini ya tako, na ukashindwa kutembea, nenda hospitali upigwe picha ya eksirei kabla ya zoezi lolote.

Hatua ya 4. Tembea mara tu unapoweza kutembea bila kuchechemea.

Hatua ya 5. Rudisha nguvu. Anza kwa kulala chali, magoti yamekunjwa, visigino vikiwa chini, kisha inua kiuno. Ukizoea, fanya kwa mguu mmoja. Baadaye piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, nawe ujishushe mbele polepole kadiri uwezavyo. Zoezi hili la mwisho ni gumu na huacha misuli ikiuma, kwa hiyo mara 2 kwa wiki zinatosha.

Hatua ya 6. Kurudi kwenye kasi. Hapa ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu hasa ya somo hili. Nilikuwa na miaka 17, nikikimbia mita 400, na siku ya 11 baada ya kuumia nilikuwa nikipanda ngazi bila maumivu yoyote. Nikaamini nimepona. Asubuhi ya Jumamosi nikapokea kijiti cha kupokezana kwenye uwanja wa vumbi, nikatoka kwenye kona kwa nguvu zangu zote, na nikahisi kama nimepigwa jiwe nyuma ya paja, kiasi kwamba niligeuka kumtafuta aliyelirusha. Baada ya siku 4 damu iliyovilia ilikuwa imeshuka mpaka nyuma ya goti, na msimu wangu wote ukapotea. Maumivu huondoka kabla nguvu hazijarudi. Sikulijua hilo, na hakuna aliyeniambia. Kwa hiyo usianze mbio za kasi mpaka mguu ulioumia uweze kuinua kiuno mara nyingi sawa na ule mzima. Kisha kimbia mita 60 ukiigawa njia: 20 za kuongeza kasi taratibu, 20 za kuishikilia, 20 za kuipunguza. Anza na nusu ya kasi yako, pumzika siku nzima, na upandishe kidogo kila unaporudi uwanjani. Kona, viatu vya misumari na kuanzia kwenye vibao vije mwisho kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali: Nimeumia jana na mashindano ni Jumamosi. Nifanyeje niweze kukimbia?
Jibu: Usikimbie. Soma hatua ya 6.

Swali: Nikimeza diklofenaki kabla ya mbio je?
Jibu: Dawa itakuficha maumivu, haitaunga msuli. Sitamfundisha mtoto wa mtu kufanya hivyo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 15. Mbona mimi naumia zaidi nikikaa darasani kuliko nikitembea?
Jibu: Marahaba, mwanangu, umeuliza jambo la maana. Ukikaa kwenye benchi la mbao, uzito wako wote hukandamiza pale misuli inapoanzia, na ikiwa jeraha liko hapo juu, lazima liume. Bonyeza kwa kidole mfupa wa kukalia: ukiuma pahali pamoja hasa, mwombe mzazi akupeleke kwenye eksirei wiki hii, kwa sababu ya umri wako. Hata kama mfupa ni mzima, majeraha ya karibu na kano huchukua muda mrefu zaidi kuliko ya katikati ya paja, hivyo usijilinganishe na wenzako. Kwa sasa kalia khanga iliyokunjwa na usimame kila kipindi kinapoisha.

Swali: Je, hata mabingwa huumia hivi?
Jibu: Naam. Usain Bolt alimalizia mbio zake za mwisho za ubingwa wa dunia, London mwaka 2017, akiwa chini kwa msuli huohuo, katikati ya kupokezana 4x100. Zingatia kwamba aliyewahi kuumia hapo yuko hatarini zaidi kuumia tena, kwa hiyo mazoezi ya hatua ya 5 usiyaache hata ukishapona.

Swali: Kaka, huku kwetu Mbulu asubuhi ni baridi kali. Vijana wangu wapashe misuli kwa muda gani?
Jibu: Dakika 15 hadi 20 wakiwa wamevaa suruali ndefu, wamalizie na mbio 3 au 4 za kuongeza kasi taratibu. Kujinyoosha kwa kukaa tu hakutoshi.

Nyongeza kutoka kwa mwanachama: Asiye na friji nyumbani awaombe wauza soda wamgandishie chupa ya maji ya nusu lita, huweza kuikalia kwa paja ikiwa imefungwa kwenye kitambaa.
Jibu: Ahsante, dada. Isijazwe hadi juu, kwani maji hutanuka yakiganda na chupa hupasuka.