Disemba bila kwenda Kibosho: namna ya kuanza kuchora na watoto ugenini

Kwa Mchagga, Disemba si mwezi wa kukaa mjini. Katikati ya mwezi mabasi ya Moshi yanajaa, na asiyeonekana kijijini ataulizwa mpaka Pasaka. Mimi nimekosa Disemba sita mfululizo kwetu Kibosho, miteremkoni mwa Kilimanjaro. Tunaishi Turku, kusini-magharibi mwa Ufini, na tiketi za watu wanne wakati wa sikukuu hatuzimudu.

Baridi unaizoea. Giza ndilo gumu. Wiki ya Krismasi jua la hapa linachomoza saa tatu na nusu imepita, na saa tisa na nusu alasiri taa za barabarani zimeshawaka. Tarehe 24, saa sita kamili mchana, watu wanakusanyika uwanja wa zamani karibu na kanisa kuu kusikiliza tangazo la Amani ya Krismasi likisomwa kutoka roshani ya jumba la Brinkkala, desturi ya tangu karne za kati. Ni tukio zuri, tunaenda kila mwaka. Likiisha, mji unafungwa. Maduka mengi yanafungwa mapema, mabasi yanapungua, kila familia iko kwake. Hakuna jirani atakayepita kusema hodi. Na wewe unajua kwamba saa hiyohiyo kwenu ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inateremshwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, inazungushwa.

Siku hizo, kuanzia 24 mpaka shule zifunguliwe Januari, ndizo tulizozijaza kwa kuchora. Naandika haya kwa mzazi aliye ugenini kama mimi, asiyejua kuchora na mwenye watoto wanaolia kuchoka na simu. Mimi mwenyewe mara ya mwisho kushika brashi ilikuwa shule ya msingi.

Mwaka wa kwanza niliharibu kwa karatasi. Nilichukua karatasi za printa, nikataka kuchora Kibo kutoka kwenye picha ya simu. Karatasi ilijikunja kama chapati, rangi zikakusanyika kwenye mabonde, mlima ukawa tope. Mtoto wangu mdogo alilia, akadhani kosa ni lake. Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, iende kwenye karatasi kwanza. Tafuta karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Uzito huo umeandikwa kwenye jalada. Karatasi moja ya A4 ukiikata mara nne unapata kadi nne za ukubwa wa postikadi, na kwa anayeanza kadi ni bora kuliko karatasi kubwa, maana unaimaliza kabla hujakata tamaa. Ibandike pande zote nne kwenye ubao wa kukatia mboga kwa tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Ikikauka ukabandua taratibu, unabaki na ukingo mweupe ulionyooka, na hata mchoro wa kawaida unapendeza. Watoto wangu wanagombania kubandua.

Rangi zisiwe nyingi. Yale makasha ya rangi 36 yanachanganya akili. Nunua tyubu nne za rangi za maji na uangalie namba ndogo iliyoandikwa nyuma, kwa sababu majina hutofautiana kwa kila kiwanda na kwa kila lugha, ila namba ni zilezile: PB29 ni bluu nzito, PBr7 ni kahawia ya udongo (ichague ile yenye wekundu), PV19 ni nyekundu ya waridi, kisha njano yoyote utakayoipenda. Nyeusi usinunue. Changanya PB29 na PBr7 kwa wingi, upate giza lenye uhai kuliko jeusi la tyubu. Brashi moja ya duara namba 8 inatosha kwa mwezi mzima. Weka vikombe viwili vya maji, kimoja cha kuoshea brashi, kingine cha kuchanganyia, na usiviweke karibu na chai.

Taa nayo ni muhimu kuliko nilivyodhani. Balbu za nyumbani zina mwanga wa njano. Utachora usiku ukidhani bluu yako imetulia, asubuhi unakuta inapiga kelele. Tuliweka balbu ya Kelvin 5000 mezani, mwanga unaokaribia wa mchana. Ukiweza, chora dirishani kati ya saa tano na saa nane mchana, na taa ibaki ya kumalizia.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya kwanza usichore kitu chochote cha maana. Chukua mshumaa mweupe, na hapa Ufini Disemba haukosekani nyumbani. Mwambie mtoto autumie kama kalamu juu ya karatasi: nyota, nyumba, jina lake. Hakitaonekana kitu. Kisha mpe brashi iliyojaa bluu na maji, apake karatasi nzima. Nta inakataa maji, na alichokiandika kinatokea cheupe katikati ya usiku wa bluu. Binti yangu alipoona jina lake linatokea alipiga ukelele hadi baba yake akatoka bafuni. Jaribu na chumvi pia: nyunyiza chembe chache wakati rangi bado inang'aa kwa unyevu, acha ikauke kabisa, kisha ikung'ute. Kila chembe inaacha ua dogo, kama theluji inayoanguka.

Siku ya pili chora kinachoonekana dirishani. Hapo wengi tunakwepa, tunataka kuchora nyumbani tu, migomba na mlima. Lakini jicho linajifunza kwa kitu kilicho mbele yake. Turku iko pwani, na Krismasi nyingi hatupati theluji kabisa, tunapata mvua na lami inayong'aa. Basi chora lami. Lowesha karatasi kwa maji matupu, weka njano pale taa ya barabarani ilipo, ivute chini kama inavyojivuta kwenye maji barabarani, kisha zungushia giza la PB29 na PBr7 bila kuigusa njano. Theluji ikianguka, kumbuka kwamba haipakwi rangi. Theluji ni karatasi yenyewe uliyoiacha. Unachopaka ni kivuli chake, na kivuli cha theluji ni bluu. Niliishi hapa miaka mitano bila kukiona kivuli hicho, mpaka nilipolazimika kukichora.

Kisha ndipo mwende nyumbani kwa brashi. Sisi hatutumii picha, tunampigia Bibi. Wakati wa baridi Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo hatumwamshi. Watoto wanamwamkia, "Shikamoo Bibi," halafu wanamwomba atueleze anachokiona akiwa amekaa mlangoni, naye anaanza: "Kushoto kwangu kuna mgomba umezidiwa na mkungu, nimeuegemeza kwa mti. Nyuma yake kahawa. Pale mpakani kwa baba yenu mkubwa ni isale. Mlima leo umejificha." Mmoja anachora anachosikia, mwingine anauliza maswali. "Bibi, isale ina majani ya namna gani?" Mtoto aliyeondoka Kibosho akiwa na miaka miwili anaijua shamba la nyumbani kwao, mti kwa mti. Hakuna simu ya video iliyowahi kutupa hicho.

Nisisitize jambo moja ambalo usiliache lipite. Mwaka wa pili binti yangu alimchora Bibi kwa ile penseli ambayo watoto darasani kwao waliiita rangi ya ngozi, nayo ni waridi iliyopauka. Sikumgombeza. Nilikunja mikono ya sweta, yangu na yake, tukaweka mikono dirishani saa sita mchana, tukaanza kuitafuta rangi yetu. Anza na PBr7. Ongeza tone la njano kwa paji la uso, kidogo cha PV19 kwa mashavu, na kwa upande wa kivuli ingiza PB29 taratibu hadi kahawia igeuke nzito na ya baridi. Paka kipande kwenye karatasi ya majaribio, kiache kikauke, kisha kilaze juu ya mkono mfananishe, kwa sababu rangi ya maji hufifia ikikauka. Mng'ao wa puani na kwenye mashavu usiupake, uache karatasi. Tulitumia alasiri nzima na vipande kumi na tisa. Kipande cha kumi na saba ndicho kilikuwa Bibi. Nimekibandika ndani ya mlango wa kabati, na chini yake binti yangu aliandika mwenyewe: "rangi ya ngozi".

Ukiona aibu kwamba kuchora si kazi ya mtu mzima aliyekuja kutafuta maisha, mfikirie Akseli Gallen-Kallela, mchoraji mkubwa wa nchi hii. Mwaka 1909 alimchukua mkewe Mary na watoto wao wawili, Kirsti na Jorma, wakahamia Nairobi, akachora huko mpaka mwishoni mwa 1910. Mfini na familia yake, ugenini kwetu, akihangaika kuipata rangi ya udongo wetu. Jumba la sanaa la Turku lina kazi zake, na mimi husimama mbele yake kama mbele ya jirani aliyepita njia ileile akitokea upande wa pili.

Mkipenda kuendelea, karibu kila manispaa ya Ufini ina chuo cha elimu ya watu wazima, wenyewe wanakiita kansalaisopisto au työväenopisto, chenye madarasa ya jioni ya kuchora kwa ada nafuu. Muhula wa pili huanza Januari. Kifini changu kilikuwa cha kuombea maji nilipojiunga, na kilikua pale mezani, maana mtu akitazama mchoro wako lazima mzungumze.

Kadi za Krismasi za kutuma nyumbani ziwe zimetoka mikononi mwenu katikati ya Novemba, na yangu ya kwanza ilifika Februari ndipo nikajua. Andika S.L.P., si mtaa. Sisi tunatumia sanduku la parokia, na katekista anampelekea Bibi. Itie kadi kwenye mfuko wa plastiki kabla ya bahasha, kwa sababu rangi ya maji ikilowa inaondoka.

Ya mwaka jana ilifika tarehe 20 Disemba. Bibi alipiga simu usiku uleule. "Mmenipata," alisema. "Uso ni wangu. Lakini kitenge changu cha kanisani si kijani, mwanangu, ni cha njano yenye maua mekundu." Tumeshanunua tyubu ya pili ya njano.