Kumfundisha mtoto mwenye usonji kunawa mikono: anzia hatua ya mwisho

Ukimwambia mtoto mwenye usonji "nenda unawe" akabaki amesimama, usidhani ni ukaidi. Kunawa ni vitendo vingi vinavyofuatana, na huenda hajui aanzie wapi.

Nawa wewe kwanza, polepole, ukiandika kila kitendo. Katika nyumba za Kisumu zinazotumia mtungi wenye mfereji, orodha huwa hivi: kukunja mikono ya shati, kufungua mfereji, kulowesha mikono, kupaka sabuni, kusugua viganja, kusugua nyuma ya mikono na katikati ya vidole, kusuuza, kufunga mfereji, kujipangusa, kutundika taulo. Maji yachirizike membamba tangu mwanzo hadi mwisho. Ukimfundisha kufunga mara mbili ili kuokoa maji, akishafunga ile ya kwanza atakimbilia taulo na sabuni mikononi.

Sasa msaidie hatua 9 za mwanzo, ile ya 10 umwachie. Akitundika taulo tu, mpe papo hapo anachokipenda: kipande cha ndizi kisichozidi ukucha, au kubembea kidogo. Ukichelewa, atakuwa ameshaanza jambo jingine, na utakuwa umelituza hilo. Akitundika bila msaada siku 3 mfululizo, mwachie pia kujipangusa, na uendelee kurudi nyuma hivyo hivyo. Faida ya mpangilio huu ni kwamba kila zoezi huishia kwenye kazi aliyoimaliza yeye.

Simama nyuma yake, si mbele. Shika mikono yake kwa wepesi, kisha siku zinavyokwenda shika kifundo cha mkono, halafu gusa kiwiko, halafu uache. Subiri kama sekunde 5 kabla ya kumsaidia. Na nyamaza! Hapa ndipo wengi wetu hukosea: "chukua sabuni, sugua, haya suuza" hugeuka sehemu ya kunawa kwenyewe, na siku usiposema, mtoto husimama akingoja sauti.

Akivuta mikono, mwachilie, usimlazimishe. Chunguza kinachomkera: huenda maji ni baridi, sabuni inanukia kupita kiasi, au taulo inakwaruza. Mara nyingi kitambaa laini kinatosha.

Akiweza nyumbani, rudia shuleni na kwa nyanya yake, maana beseni na kata ni kazi mpya kwake. Huko anza tena na msaada kidogo.